Nilihama Nairobi kwa sababu ya baridi. Nisikilize kabla hujacheka

Mwaka jana mwezi wa Aprili, nilipompigia mama simu kumwambia kwamba nahamia Mombasa, swali lake la kwanza lilikuwa, “Umepata kazi huko?” Nikamwambia la. “Umepata mtu?” Nikamwambia pia la. “Sasa unaenda kufanya nini?”

Nikamwambia ukweli. Naikimbia baridi.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kwetu Nyeri baridi si sababu ya kitu chochote. Ni jambo la kuvalia sweta na kunywea chai. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp mambo yalikuwa mabaya zaidi. Walinibandika jina la “Mtalii”. Mmoja akaandika, “Maze, watu wanahama juu ya kazi, wewe unahama juu ya baridi?”

Nimelibeba swali hilo mwaka mzima na leo nataka kulijibu. Najua kuna vijana wengi wanaojiuliza kimyakimya kama hali ya hewa ni sababu tosha ya mtu kufunga virago, lakini wanaogopa kuonekana wanadeka.

Jibu langu ni ndiyo, ni sababu tosha. Ila ni sababu inayotaka hesabu kali, maana hakuna kitu kinachodanganya kama jua la Desemba.

Nianze na mwili wangu. Nina pumu tangu shule ya msingi. Nilikuwa nakaa Kinoo, chumba kimoja orofa ya chini, dirisha linatazama ukuta wa ploti ya jirani. Katikati ya jiji la Nairobi ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kinoo iko juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti unaweza kukaa siku nzima bila kuliona jua, na usiku baridi inashuka hadi karibu nyuzi 10. Ukuta wangu ulikuwa unaota kuvu. Julai mbili mfululizo nilipelekwa hospitalini usiku kwa bodaboda, kifua kimebana.

Julai ya tatu nilichukua kalamu. Nikaandika pesa za inhela, za daktari, za gesi ya kuchemsha maji ya kuoga. Halafu nikaandika siku ambazo sikufanya kazi. Mimi hunukuu sauti kwa maandishi mtandaoni, na nalipwa kwa dakika nilizonukuu. Nikilala mgonjwa siku tatu, silipwi siku tatu. Nilipojumlisha nikaona kwamba baridi ilikuwa inanitoza kodi ya pili, juu ya ile ya mwenye nyumba.

Kama mtu anaruhusiwa kuhama kwa sababu mtaa mwingine una kodi nafuu, mimi nina kosa gani?

Tena tusijifanye kwamba kuhamia hali ya hewa ni mchezo wa watoto wa siku hizi. Jina Nairobi lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yanayomaanisha maji baridi. Reli ilifika hapo mwaka wa 1899, na kufikia 1905 serikali ya wakoloni ilikuwa imehamisha makao yake kutoka Mombasa. Zilikuwepo sababu nyingine, lakini ubaridi wa nyanda za juu uliwapendeza sana Wazungu, kiasi kwamba wenye ardhi walifurushwa ili walowezi wakae. Na kabla yao, wafugaji wetu walikuwa wanahama na mvua, na bado wanahama. Hakuna anayemuuliza Msamburu kama ukame ni “sababu tosha”.

Sasa nije kwenye hesabu.

Nina rafiki aliyehamia Mombasa kabla yangu. Alikuja likizo ya Desemba, akakaa hotelini siku nne, akaoga bahari, akala viazi karai, akaapa harudi Nairobi. Januari akabeba vitu vyake. Mwisho wa Machi alikuwa amerudi Kasarani.

Kosa lake ni kwamba aliiona Desemba, halafu akaja kuishi Machi. Februari na Machi ndiyo miezi ya joto kali Pwani. Mchana linafika nyuzi 32 na kupita, na hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba unatoka kuoga na jasho linaanza hapo hapo. Alikodi chumba cha mabati kwa sababu kilikuwa rahisi. Feni ilikuwa inakula tokeni, na stima ikipotea usiku analala mlangoni. Maji ya mfereji yalikuja kwa zamu, ya kisima yalikuwa ya chumvi, ikabidi anunue ya mkokoteni kwa mitungi. Halafu akapata malaria, ugonjwa ambao akiwa Nairobi hakuuwazia sana.

Rafiki yangu si mjinga. Alihesabu mwezi mmoja badala ya kumi na miwili, basi.

Nilijifunza kutoka kwake. Kabla ya kuhama nilikuja Machi kusudi, nikakodi chumba Mikindani kwa wiki mbili, si hoteli. Nililala bila feni usiku mbili ili nijue. Nilinunua maji. Nilifanya kazi zangu zote nikiwa humo ndani, nione kama intaneti inashika. Niliteseka, sitadanganya. Lakini nilipumua. Nilijua kwamba kama naweza kuishi na mwezi mbaya kuliko yote, hiyo mingine nitaiweza.

Nikahama mwishoni mwa Mei, mwezi ambao mvua ya Pwani haina huruma, godoro likafika limelowa nusu. Ilipofika Julai upepo wa kusi ulikuwa unavuma, mchana nyuzi 27 au 28, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu Julai ilipita bila mimi kuona hospitali. Sisemi Pwani ni dawa. Inhela bado iko kwenye mkoba, na kuna mtu mwenye pumu ambaye vumbi na unyevu wa huku vitamsumbua zaidi. Zungumza na daktari wako, si na mimi.

Lakini kuna gharama moja ambayo sikuiandika kwenye karatasi yangu.

Septemba mama aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Dada yangu alikuwa Nairobi, akapanda matatu, na baada ya saa chache alikuwa Nyeri amemshika mkono. Mimi nilipanda treni, nikashuka Nairobi usiku, nikafika nyumbani siku ya pili. Mama alikuwa tayari amefungwa plasta, amelala. Dada yangu hakunigombeza. Alisema tu, “Wewe ulichagua jua.”

Yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Ukihamia mahali kwa ajili ya kazi, familia inakusamehe umbali, kwa sababu kazi inaleta pesa nyumbani. Ukihama kwa ajili ya mwili wako, umbali huo ni deni lako peke yako. Kwa hivyo unapopiga hesabu, weka na nauli ya dharura. Na kabla hujaondoka, kubalianeni nani atafika kwanza kukiwa na shida. Sisi tulikaa chini kuzungumza baada ya mkono kuvunjika, wakati tungeweza kufanya hivyo mapema.

Kuna jambo lingine linalonifanya nisitake mtu achekwe kwa sababu ya kuhama.

Wakati wa mvua kubwa ya 2024, mito ya Nairobi ilivunja kingo. Mathare na Mukuru watu walipoteza maisha na kila walichokuwa nacho. Halafu serikali ikaamuru waliokaa kando ya mito waondoke, na nyumba zao zikabomolewa, wengi wakiwa hawana pa kwenda. Kule Baringo, ziwa limepanda na kumeza nyumba, shule na mahoteli. Kaskazini, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, na wafugaji walioishiwa na mifugo wakasogea kando ya miji. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka wa 2021 ilikadiria kwamba kufikia 2050, hadi watu milioni 86 wa Afrika Kusini mwa Sahara huenda wakahama ndani ya nchi zao kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi.

Hao hawaulizwi kama hali ya hewa ni sababu tosha. Swali lao ni waende wapi.

Mimi nilikuwa na bahati. Kazi yangu inabebeka kwenye mkoba, na nilikuwa na muda wa kuchagua. Lakini tukiendelea kumcheka anayehama mapema, tunamfundisha yule aliye karibu na mto asubiri maji yafike kitandani ndipo aonekane ana sababu.

Na kuhama si lazima uvuke kaunti. Unapotafuta keja, tunauliza kodi, deposit, umbali wa steji, basi. Uliza pia maji ya mvua yanapita wapi. Waulize majirani Mei ilikuwaje, kwa sababu ajenti hatakwambia. Angalia kama jua linaingia, kama ukuta una alama za unyevu, kama paa ni mabati matupu. Mwenzangu wa Kinoo, ambaye pia kifua kinamsumbua, alihama kutoka orofa ya chini hadi ya nne kwenye ploti ile ile. Analipa zaidi kidogo, lakini jua la asubuhi linampata. Hiyo pia ni kuhama kwa sababu ya hali ya hewa, na haikumhitaji kununua tiketi.

Kwa hivyo kama hali ya hewa ya mahali unapokaa inakula afya yako au mshahara wako, hama ukiweza, na usione haya kusema sababu. Lakini nenda kwanza katika mwezi mbaya kuliko yote. Ukiona huwezi kukaa wiki mbili, kaa ulipo, ubadilishe nyumba.

Mama alikuja kunitembelea Julai hii. Magoti humsumbua sana wakati wa baridi. Siku ya nne alikuwa ameketi nje na kahawa ya tangawizi, hana sweta, akaniuliza kana kwamba anauliza tu, “Chumba kama hiki huku ni pesa ngapi?”

Nilimtajia. Halafu nikamwambia arudi Machi kwanza.