Samaki akikuwasha, uliza nani mwingine alikula

Hapa kwetu Changamwe, mtu akila samaki kisha akaanza kujikuna, hukumu hutolewa papo hapo: damu yake haipatani na samaki. Mtoto hutumwa dukani kununua tembe mbili za Piriton, mgonjwa akazimeza, akalala, na asubuhi mambo yamekwisha. Tangu siku hiyo mtu huyo huhesabiwa kuwa ana aleji, na kila akiandaliwa samaki arusini husukuma sahani.

Kwa maoni yangu hukumu hiyo hutolewa kwa haraka mno. Jirani yangu mmoja wa Chaani alinunua jodari jioni moja, vipande vilivyokuwa vimekaa juu ya meza ya mchuuzi tangu adhuhuri. Walikula watu watano. Saa moja haijapita, wanne walikuwa wamewiva nyuso kama waliochomwa na jua, vichwa vikiwagonga na mioyo ikienda mbio. Wote wanne wakaambiwa wana aleji. Sasa jamani, nyumba nzima ipatwe na aleji kwa jioni moja?

Kinachowasha ni kemikali iitwayo histamini. Waingereza wawili, Henry Dale na Patrick Laidlaw, ndio walioeleza mwaka 1910 namna inavyoutikisa mwili. Si sumu ya kigeni. Miili yetu wenyewe huitengeneza na kuiweka akiba ndani ya seli maalumu zilizotapakaa chini ya ngozi, puani, kooni, mapafuni na matumboni.

Mwenye mzio wa kweli, tuseme wa kamba, kinga ya mwili wake imekosea. Siku za nyuma alipokula kamba, kinga ilimdhania adui, ikatengeneza silaha za kumngojea na kuzibandika juu ya zile seli. Silaha hizo ni za aina ile ile ambayo mwili hutumia kupigana na minyoo. Siku nyingine akila kamba, silaha humnasa, seli hupasua mifuko yake na histamini humwagika kwa dakika chache. Mishipa ya damu hupanuka na kuvuja maji, ndiyo maana midomo na macho huvimba. Neva za ngozi huwasha. Njia za hewa hubana, kifua kikaanza kulia kama mluzi. Kwa hivyo si damu chafu, na kunywa dawa ya kusafisha damu hakusaidii kitu.

Lakini jodari, nguru na vibua wana njia yao ya mkato. Nyama yao ina asidi iitwayo histidini kwa wingi, na samaki akikaa kwenye joto bila barafu, bakteria huigeuza kuwa histamini. Mlaji huimeza ikiwa tayari, hata kama kinga yake haina kosa lolote. Ukimkaanga mpaka akakauka, histamini haiondoki. Ukimgandisha baada ya kuharibika, haiondoki vilevile. Wala huenda asinuke. Pengine ni ulimi tu utakaohisi ukali kama wa pilipili. Tena histamini haienei sawa mwilini mwa samaki, na nadhani ndiyo maana yule mtu wa tano hakuguswa.

Basi swali la kwanza liwe hilo: nani mwingine alikula? Ikiwa mmewashwa wengi, mshuku samaki na mchuuzi wake, na mkipata jodari mbichi wa barafuni siku nyingine huenda msidhurike. Ikiwa umewashwa wewe peke yako kati ya watu wengi, na hasa ikiwa hali hiyo hukurudia kila ulapo kamba au kaa, huo huenda ni mzio wa kweli. Nenda kwa daktari, na usimsikilize shangazi anayekwambia kula tu utazoea. Shauri hilo limeponza watu.

Nami sina ugomvi na Piriton. Huziba milango ambayo histamini hupitia, na mwasho hutulia. Ila huleta usingizi mzito, na katika mtaa huu ambapo trela zinaelekea bandarini usiku na mchana, dereva hafai kuimeza kisha akashika usukani. Mwulize mwenye duka la dawa kuhusu loratadini, ambayo kwa watu wengi hailetei usingizi.

Jambo ninalolikasirikia ni kumpa tembe mtu ambaye koo linafunga. Tembe huchukua muda kuingia mwilini na haifungui njia za hewa wala haipandishi presha ya damu iliyoshuka. Mtu akivimba ulimi, akipumua kwa shida, akizirai au akitapika mfululizo huku amejaa vipele, anahitaji sindano ya adrenalini kwenye paja, upande wa nje, upesi iwezekanavyo. Mlaze miguu ikiwa juu. Akishindwa kupumua mkalishe, lakini usimtembeze. Hata akipata nafuu abaki hospitalini kwa saa kadhaa, kwani hali hiyo huweza kurudi.

Adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na chupa yake ni ndogo kama kidole. Sioni kwa nini zahanati yoyote, ya serikali au ya mtu binafsi, kutoka Mikindani hadi Magongo, ipokee wagonjwa bila kuwa nayo karibu na mkono wa muuguzi. Waulizeni kabla hamjaihitaji. Na mchuuzi mwulizeni barafu iko wapi; akicheka, nunueni kunde.

Jirani yangu hadi leo hali jodari. Nimemweleza haya yote mara mbili, naye hujibu kwamba damu yake anaijua mwenyewe.