Kamera ya kupigia picha sayari: usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Mpenzi msomaji, tangu niandike kwenye safu hii habari za darubini, sina raha kijiweni. Kila nikikaa naulizwa swali lile lile: "Haya, sayari tumeziona, sasa picha tunapigaje bila kuuza shamba?" Basi leo tulimalize.

Kwanza niungame. Mimi mwenyewe niliingizwa mjini, tena mchana kweupe.

Mzee wangu alivua samaki miaka mingi huko Pangani, na nyota anazijua kuliko mimi mwenye darubini. Lakini macho yake siku hizi hayamruhusu kuchungulia kwenye kile kitundu. Nikimwambia, "Baba, ile pale ni Mshtarii, ina mistari tumboni na miezi minne pembeni," ananijibu, "Mistari unaiona wewe na mashine yako, mwanangu." Nikaapa kumwonyesha kwenye kioo cha kompyuta, tena pakubwa, aone mwenyewe.

Nikaingia Kariakoo na shilingi 80,000. Muuzaji akanipa kamera ya kompyuta, zile ambazo watu huzitumia kuonana na ndugu walio ughaibuni, imeandikwa kwa herufi kubwa "megapikseli 12". Nikaona hapo nimefika. Usiku nikaifunga kwenye darubini kwa gundi ya karatasi, nikamwita mzee, nikawaita na watoto. Mshtarii ikatokea nyeupe pee, kama yai lililopasuliwa kwenye kikaango. Mzee akauliza, "Sasa hiyo si taa ya barabarani?" Watoto wakaangua kicheko. Mama watoto yeye hakucheka, maana zile hela zilikuwa za mchezo wake wa upatu.

Nilikosea wapi? Sikiliza, ili wewe usilizwe.

Kosa la kwanza ni kuhesabu megapikseli. Darubini yangu ni ya kioo, upana wake milimita 114 na urefu wa fokasi milimita 900, aina ambayo wengi huanza nayo. Kwenye darubini hiyo, hata Mshtarii ikiwa karibu nasi kabisa, picha yake inayoangukia kwenye chipu ya kamera ina upana wa milimita 0.2 hivi. Ukiongeza lenzi ya Barlow ya kukuza mara mbili, haifiki hata nusu milimita. Kwa hiyo hata ukinunua megapikseli 100, sayari itakalia vijipikseli mia hivi kwa upana, zilizobaki zote zinapiga picha giza. Megapikseli nyingi kwa kazi hii ni kama kukodi basi zima kumpeleka mtu mmoja sokoni.

Kosa la pili ni kununua kamera inayojiamulia mambo yote yenyewe. Kamera ya namna hiyo imetengenezwa kutazama uso wa mtu sebuleni. Ikielekezwa angani inaona giza, inadhani chumba hakina taa, basi inaongeza mwanga mpaka ile sayari inaungua na kuwa nyeupe. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta, ufungue mipangilio, uone kama unaweza kuzima otomatiki na kupunguza mwanga kwa mkono wako. Ikikataa, mrudishie, sema asante, ondoka.

La tatu, lenzi yake lazima itoke. Kazi ya lenzi sasa inafanywa na darubini. Kamera nyingi lenzi inafunguka kwa kuzungusha tu, nyingine zimegandishwa, ukilazimisha unavunja. Tena jihadhari: mara nyingi ukitoa lenzi unatoa na kile kioo kidogo kinachozuia miale ya infraredi, rangi zikaanza kuwa za ajabu. Dawa yake ni kichujio cha infraredi cha kuweka mbele ya kamera.

La nne ni mdomo wa kuingilia kwenye darubini. Kipimo cha kawaida ni milimita 31.75. Wenye hela wananunua adapta. Sisi wa ukapa tuna kile kikopo cheusi cha filamu ya zamani ya picha, kata kitako chake, kinaingia bila ugomvi. Kama mama yako bado anatunzia vifungo humo, muombe kwa adabu.

Sasa tuje kwenye majina. Miaka ya mwanzo ya 2000, kamera iliyowavua kofia wapiga picha wa sayari duniani ilikuwa Philips ToUcam Pro. Pikseli zake ni 640 kwa 480 tu, lakini chipu yake ya Sony ilikuwa nzuri kwenye mwanga hafifu. Baadaye ikaja Philips SPC900NC ya ukoo ule ule. Ukizikuta kwa fundi, usizicheke. Tatizo lake moja: programu ya kuziendesha ilitengenezwa kwa Windows za zamani, kwa hiyo uwe na kompyuta ya zamani au Linux.

Ukitaka mpya kabisa, siku hizi zipo zinazotengenezwa mahsusi kwa darubini, mdomo wake tayari. SVBony SV105 ni ya bei ya chini, haifiki dola 100 kabla ya nauli na ushuru. Juu yake kuna ZWO ASI120MC yenye pikseli milioni 1.2, mahiri zaidi ila inakula zaidi mfukoni. Na kama huna hata senti, anza na simu yako: ishikize kwenye kitundu cha darubini kwa kishikizo cha plastiki, uchukue video. Mwezi utatoka vizuri mpaka utashangaa.

Nimesema video, sikukosea. Sayari hapigwi picha moja. Hewa iliyo juu yetu inachezacheza, unaiona sayari kama sarafu iliyo chini ya maji ya kijito. Kuna nukta moja maji yanatulia, ukaiona vizuri, halafu inavurugika tena. Kwa hiyo unachukua video ya fremu maelfu, halafu programu inachambua zile zilizotulia na kuzipanga moja juu ya nyingine. SharpCap inarekodi, AutoStakkert inachambua na kupanga, RegiStax inanoa. Hizo mbili za mwisho ni za bure, na SharpCap nayo ina toleo la bure.

Lakini usirekodi nusu saa. Mshtarii inajizungusha haraka, chini ya saa 10 imemaliza mzunguko. Ukizidisha dakika mbili tatu, mistari inakuwa imesogea, picha inatia ukungu. Kwa fremu 10 kila sekunde, dakika mbili zinakupa fremu 1,200. Zinatosha kabisa.

Na hapa wenzangu wa Bongo tumebahatika. Kwa kuwa tupo karibu na Ikweta, sayari zikifika katikati ya njia yake hapa Dar huwa juu sana, karibu na utosi. Kule London kuna miaka Mshtarii haipandi zaidi ya nyuzi 15 au 16 kutoka upeo wa macho, na wapiga picha wa huko wanaitazama kupitia hewa nene inayochemka. Tunalo anga ambalo wenzetu wanalililia, halafu tunalala saa tatu.

Onyo moja, nalisema bila utani: usielekeze darubini kwenye jua. Kamera itaungua, na jicho halina spea.

Ilikuwaje kwangu? Kijana mmoja fundi kompyuta alikuwa na ToUcam kwenye boksi la makorokoro. Nikaipata kwa shilingi 15,000, nikaifufua laptopu ya Windows XP iliyokuwa inatumika kuegeshea mlango. Nikarekodi dakika mbili, nikachambua fremu, na ilipofika saa tano usiku picha ikakaa kwenye kioo. Mistari miwili ya kahawia, miezi mitatu pembeni.

Mzee alivuta kiti mbele. Hakusema neno kwa muda. Halafu akanyoosha kidole: "Miezi uliniambia minne. Wa nne uko wapi?"

Nikamwambia umepita nyuma au mbele ya Mshtarii, kesho utatoka. Akasema, "Basi kesho niamshe."

Tangu hapo silali mapema, maana ananigongea yeye. Galileo alianza kuifuatilia miezi ile Januari 1610, mzee wangu kachelewa miaka mia nne na ushee tu.

Ile ya megapikseli 12 bado iko kabatini, mwenye kuihitaji kwa kuongea na ndugu zake aseme bei. Mama watoto bado anadai 80,000 zake. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.