Mchungaji wako ni wa kanisa ama ni wa kambi ya mheshimiwa?

Wasee wa Busia na Malaba, leo naongelea wachungaji. Najua kuna mtu ataniambia kijana aliyeacha chuo hana adabu ya kuongelea watumishi wa Mungu. Sawa tu. Soma kwanza, matusi baadaye.

Jeshini kuna kasisi wa jeshi. KDF inao, Wakristo kwa Waislamu. Huyo anavaa magwanda, ana cheo, mshahara unatoka kwa serikali, lakini kazi yake si kupigana. Anaomba na askari, anawasikiliza wakishindwa kulala, anawazika wakirudishwa kutoka Somalia ndani ya sanduku. Hata sheria za vita za Geneva za 1949 zinamlinda kama zinavyomlinda daktari. Mtu kama huyo akinyamazia siasa, mi simlaumu. Amekula kiapo, na waumini wake wote wako chini ya amri moja.

Shida yangu ni mchungaji wa huku kwetu. Hana cheo, hajala kiapo cha jeshi, hana mkubwa wa kumpigia saluti. Lakini mheshimiwa akishuka tu kwa gari, anasimama wima kama kuruta. Mahubiri yanakatwa, maikrofoni inahama, bahasha inatoka. Huyo si mchungaji tena, ni kasisi wa kambi ya mtu.

Sasa nikukumbushe mtu aliyeijua kambi kwa kweli: Alexander Muge, askofu wa Anglikana wa Eldoret tangu 1983. Kabla ya kuwa kasisi alikuwa GSU. Ndiyo, GSU ni polisi, si jeshi, lakini huko pia mtu anaishi kwa amri. Agosti 1990, enzi za chama kimoja, Robert Ouko akiwa ameuawa Februari ya mwaka uo huo, Muge alikuwa hanyamazi. Waziri wa Leba Peter Okondo, mwanasiasa wa hapa hapa Busia, akatangaza kwamba Muge na Askofu Henry Okullu wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke hai.

Muge akaja. Tarehe 14 Agosti 1990 alifika Busia, akaonana na watu, akaanza safari ya kurudi Eldoret. Huko Kipkaren gari lake likagongana na lori la maziwa, akafa. Okondo akajiuzulu. Dereva wa lori akafungwa miaka 7, akafia jela. Ilikuwa ajali ama njama? Hadi leo Wakenya wanabishana. Na hiyo ndiyo barabara trela za kutoka Malaba hupitia kila siku zikienda Eldoret.

Watu husema ujasiri wake ulitoka kwa mazoezi ya GSU. Mi naona vingine. Mtu aliyewahi kupokea amri za kweli anatambua haraka amri feki. Muge alijua waziri si kamanda wake, na madhabahu si uwanja wa gwaride.

Utaniambia, "Lakini kanisa linahitaji mabati, na mchungaji ana watoto wa kulipia karo." Ni kweli, sibishi. Lakini inawezekana. Septemba 2021, hapo Butere, siku Rose Okeno anawekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuongea. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango ambayo Rais William Ruto alipeleka kwa kanisa lao la Soweto. Mbingu haikuanguka.

Kwa hivyo pasta, sisemi umfukuze mheshimiwa. Naye ni mwenye dhambi kama sisi, akae kwa benchi. Sadaka yake iingie kwa kikapu kimoja na ile ya mama mboga, bila kutajwa kiasi, bila maikrofoni.

Na sisi waumini tuache unafiki. Hayo makofi ni yetu. Tunamsifu Muge akiwa kaburini, halafu yule pasta anayesema ukweli leo tunamwambia aache siasa.

Jumapili hii mheshimiwa akija kwenu, toa simu upime: yeye amepewa dakika ngapi, na Neno limepewa ngapi? Niandikie hapo chini. Usitaje jina la kanisa, weka namba tu.