Tuokoe chakula kabla hakijawa taka

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Lau wangepita Makueni wakati wa msimu wa maembe, huenda wangeitafakari upya kauli hiyo. Maembe huiva kwa pamoja, bei ikaporomoka, naye mkulima asiye na ghala la baridi akabaki kuyatazama yakioza chini ya mwembe.

Balaa hili si la Kenya pekee. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao yake makuu papa hapa Gigiri, Nairobi, lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka wa 2022 majumbani, mikahawani na madukani. Hiyo ni karibu asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Mwaka uo huo, ukame ulikuwa ukiwamaliza mifugo wa ndugu zetu kaskazini mwa nchi.

Si ajabu, basi, kwamba vijana wengi vyuoni wanavutiwa na wazo la kuanzisha kampuni changa zenye nia ya kuokoa chakula na papo hapo kupata faida. Naliunga mkono wazo hilo. Lakini lipo swali ambalo, nionavyo mimi, haliulizwi vya kutosha: Je, kampuni hiyo itachuma riziki yake kabla ya chakula kuharibika au baada ya kuharibika?

Chukua mfano wa InsectiPro, iliyoanzishwa Limuru mwaka wa 2018. Kampuni hiyo hulisha mabuu ya nzi kwa mabaki ya vyakula, kisha mabuu hayo hutumiwa kutengeneza lishe ya mifugo. Kazi hiyo ni njema, kwani mabaki hayo yangeishia jaani. Hata hivyo, embe lililogeuzwa lishe ya kuku limekwisha kumpotea mlaji. Isitoshe, biashara inayotegemea taka huhitaji taka ziendelee kupatikana. Tukiwa na biashara za aina hiyo pekee, tutakuwa tunaondoa uvundo huku hasara ya mkulima ikibaki pale pale.

Nchini Denmark, kampuni ya Too Good To Go, iliyoanzishwa mwaka wa 2015, huwawezesha wateja kununua kwa bei nafuu vyakula vilivyosalia mikahawani na katika maduka ya mikate. Hapo chakula huokolewa kingali chakula. Lakini vijana wetu wasiige bila kupima. Mkulima wetu hupata hasara yake shambani, njiani na sokoni, kabla mkahawa wowote haujakiona chakula hicho. Anachohitaji ni ghala linalopozwa kwa kuta za makaa yaliyoloweshwa maji, mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia mahindi, vikaushio vya matunda na usafiri wa pamoja. Vifaa hivi havina mvuto wa programu ya simu, lakini ndivyo vinavyomwezesha kungoja bei nzuri.

Tahadhari nyingine ni ya usalama. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki katika eneo la mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Kuokoa chakula kusiwe kisingizio cha kuwauzia maskini kilichokwisha kuharibika.

Serikali za kaunti nazo zisikae kando. Makueni imejenga kiwanda cha matunda huko Kalamba, lakini kiwanda kimoja hakiwezi kuwafaa wakulima wote wa eneo zima.

Nawaomba walimu wanaowaongoza wanafunzi katika mashindano ya ubunifu wasihesabu tu tani za taka zilizoondolewa. Wawaulize vijana hao mambo mawili: ni kilo ngapi za chakula zilizowafikia watu wakazila, na ni shilingi ngapi zilizoongezeka mfukoni mwa mkulima? Kampuni isiyoweza kujibu maswali hayo bado haijaokoa chakula.