Nani Apimaye Vitabu Vyetu?

Wananchi, mkulima apelekapo pamba yake sokoni husimama mbele ya mizani na kuutazama mshale. Hakubali kuambiwa uzito wa jasho lake na mtu aliyeketi ng'ambo. Tuliupigania uhuru ili tusipimiwe mali yetu na wengine. Juma hili twauliza: mbona mali ya akili zetu, yaani vitabu, twakubali ipimwe na kila mtu isipokuwa sisi wenyewe?

Kitabu cha Kiswahili huandikwa, hupigwa chapa, kikawekwa rafuni, kisha kimya! Hapana gazeti linalosema ni kizuri au kibaya. Hapana mtu anayemwambia mwalimu wa Newala, au kuli wa Tanga, au mama wa Pemba, kwamba kitabu fulani kimetoka, chaeleza jambo fulani, na kina thamani ya fedha zake au hakina. Mwandishi hufa akingoja jawabu. Nasi hulalamika kwamba watu wetu hawasomi. Watasomaje kitu wasichopewa habari zake?

Tuanze na historia, maana ugonjwa huu una asili yake. Mwaka 1930 wakoloni waliunda Kamati ya Lugha kwa nchi za Afrika ya Mashariki. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuvipitia vitabu na kuvipa kibali, na kitabu kilichokikosa kilikuwa na njia nyembamba sana ya kuingia shuleni. Katika miaka ya mwanzo ya kamati hiyo, katika viti vyake hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Lugha yetu, mahakimu wao! Mwaka 1929 watoto wetu walikuwa wamekwisha pewa Mashimo ya Mfalme Sulemani kwa Kiswahili safi, wasome jinsi Waingereza watatu wanavyoingia ndani ya Afrika kutafuta almasi. Mwaka 1934 kikatoka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichoandikwa na Mwafrika mwenzetu, kikiwasifu Waingereza kwa kuwafungua watumwa. Hatusemi vitabu hivyo vichomwe. Kuchoma vitabu ni kazi ya waoga. Twasema vilipaswa kusomwa na kujadiliwa na watu wetu hadharani, aulizwe msomaji: almasi zile zilikuwa za nani? Na huyo aliyefungua mnyororo wa mguu, mbona alikuja baadaye akaitwaa ardhi? Maswali hayo hayakuulizwa kwa sababu aliyeshika kalamu ya kuhukumu hakuwa na haja ya kuyauliza.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, na wachapaji wake walikuwa kampuni ya Uingereza. Ni habari za nchi iliyo angani, na za kijana Karama anayeshitakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha sheria. Msomaji mvivu aliona hadithi ya mambo ya angani. Lakini mtu aliyetawaliwa, aliyepata kuona mwenzake akishitakiwa kwa kusema kweli, hakuhitaji kuangalia juu; nchi ile aliikanyaga kwa miguu yake kila asubuhi. Kitabu ni kimoja, macho ni mawili. Ndiyo maana twashikilia kwamba macho yanayovisoma na kuvihukumu vitabu vyetu ni lazima yawe yetu.

Watu watasema: hayo ni ya kale, tumekwisha jitawala. Hapo ndipo tunapogombana nao! Mkoloni amekwenda, lakini mizani hatukuitwaa. Leo kitabu cha Kiswahili kina milango miwili tu ya kujulikana. Mlango wa kwanza ni mtihani. Kikiwekwa katika orodha ya shule kitasomwa, na kikiondolewa kitasahauliwa. Mtoto hukisoma ili afaulu, kisha hukifunga na hakifungui tena mpaka kaburini. Mlango wa pili ni sifa za Ulaya. Kitabu kikisifiwa huko, siku ya pili nasi twapiga vigelegele.

Je, twasingizia? Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku zile kulikuwa na kelele nyingi mitaani na magazetini: je, huyu ni wetu au si wetu? Uraia wake ni upi? Watu walibishana juu ya pasipoti ya mtu ambaye hawakupata kusoma hata ukurasa wake mmoja. Riwaya yake ya Paradise, inayoeleza habari za pwani yetu na misafara ya bara, ilitoka mwaka 1994. Kwa Kiswahili ilitoka mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hesabuni wenyewe: miaka 28! Habari za kwetu zilikaa miaka 28 katika lugha ya watu wengine, mpaka wageni walipozitia nishani ndipo tukazifungulia mlango wa nyumba. Twampongeza mfasiri na wachapaji wake, lakini hatuisifu desturi hii ya kungoja filimbi ya mbali ndipo tucheze ngoma yetu.

Au tutazame Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971. Ilizuiliwa isitumike mashuleni, kwa kuwa yaeleza wazi namna binti anavyoharibikiwa. Wako walioilaani na wako walioitetea. Lakini katika makundi yote mawili, ni wangapi walioisoma mpaka mwisho, wakaona kwamba mwandishi amemshika hasa baba mkali aliyemfungia mtoto asiijue dunia? Kama tungekuwa na desturi ya kuhakiki vitabu mbele ya umma, wazazi wangalijadiliana juu ya malezi ya mabinti zao. Badala yake walijadiliana juu ya kuficha kitabu.

Kuna kosa jingine, nalo ni la wasomi wetu. Wao wamegawa vitabu kama wakoloni walivyogawa mabehewa ya gari la moshi: daraja la kwanza, la pili na la tatu. Riwaya nzito na tamthilia za vyuoni ziko daraja la kwanza. Hadithi za upelelezi, vitabu vya watoto, maisha ya watu, vitabu vya kilimo na afya, vyote husukumwa nyuma pamoja na mizigo. Twapinga! Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akamleta Bwana Msa na kiko chake, aliwafundisha maelfu ya watu kusoma kwa kutaka, si kwa kulazimishwa. Na mafunzo ya Bwana Msa ni kwamba pale watu wanaposema ni mzimu, mwenye akili hutafuta mtu. Je, hayo si mafunzo makubwa kwa taifa? Elvis Musiba katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974 alimweka mpelelezi wake, Willy Gamba, upande wa wapigania uhuru wa Afrika. Kijana aliyekisoma chini ya taa ya mafuta alijifunza siasa huku akidhani anajifurahisha. Shaaban Robert mwenyewe aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad mwaka 1958, akaonyesha kuwa maisha ya mwanamke mfinyanzi aliyeinuka kwa sauti yake yanastahili kitabu kizima. Na Zainab Burhani, katika Mwisho wa Kosa mwaka 1987, alituletea mambo ya nyumbani yaliyo na uzito sawa na ya barazani.

Hatusemi kila kitabu ni kizuri. Hasha! Vipo vya upelelezi visivyo na upelelezi, na mashairi yasiyo na shairi ndani yake. Twasema kila kitabu kipimwe kwa mizani ya aina yake. Dhahabu haipimwi kwa mizani ya makaa. Kitabu cha kufuga kuku kiulizwe: kuku wa mkulima watapona? Hadithi ya mtoto iulizwe: mtoto ataomba asomewe tena? Utenzi uulizwe vina na mizani yake, na mashairi huru, yaliyozua ugomvi mkubwa Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, yaulizwe yametoa nini badala ya vina yalivyoviacha.

Wapinzani wetu wana majibu. Husema kizuri chajiuza. Hiyo ni methali ya kweli, lakini yahusu kitu kilichotandazwa sokoni, watu wakakiona. Kilichofungwa ghalani hakijiuzi, hata kiwe lulu. Husema tena kwamba kuhakiki ni elimu ya kigeni, kazi ya maprofesa. Huo ni uongo mtupu! Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa yapata mwaka 1840, alilumbana na washairi wa Lamu beti kwa beti. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, watu wetu, makarani na waalimu, walileta mashairi yao na kujibizana bila kuoneana haya. Kupima maneno ni ada yetu tangu zamani. Tuliiacha wenyewe.

Na wengine husema kukosoa ni kuoneana wivu. Hao ndio walioijaza nchi hafla za uzinduzi ambako mgeni rasmi hukisifu kitabu asichokifungua, picha zikapigwa, soda zikanywewa, na kesho yake hapana azungumzaye. Sifa kama hizo ni pazia la kimya. Mwandishi anayesifiwa na wote bila kusomwa ameibiwa mara mbili: kanyimwa wasomaji, kisha kanyimwa ukweli.

Basi twataka nini? Kwanza, kila gazeti la Kiswahili litenge nafasi ya kitabu kila juma, kama linavyotenga nafasi ya mpira. Sisi twaanza nyumbani kwetu: ukurasa huu uko wazi kwa mhakiki yeyote, awe mwalimu au dereva. Masharti yetu ni machache. Soma kitabu chote. Sema ni cha aina gani, kinamfaa nani na bei yake ni ngapi. Onyesha kilipofaulu na kilipoanguka, kwa ushahidi wa ndani ya kitabu. Usimtukane mwandishi, wala usimwogope.

Pili, kila tawi la chama liwe na jioni moja ya kitabu kwa mwezi. Asiyejua kusoma asomewe, naye atoe maoni yake, maana wazee wetu waliohukumu tenzi kwa masikio hawakupungukiwa akili. Tatu, maktaba. Sheria ya maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967. Serikali changa na maskini iliona kwamba vitabu haviwezi kungoja utajiri. Wilaya zetu za leo zitatoa udhuru gani?

Kuna tuzo sasa, nasi twazifurahia: ya Mwalimu Nyerere kwa waandishi wa hapa, na ile ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014. Lakini tuzo huchagua vitabu vichache mara moja kwa mwaka, na vilivyobaki navyo vina wenyewe wanaongoja kusikia neno.

Wananchi, twaeni kitabu juma hili, chochote kilicho karibu nanyi. Kisomeni, kisha tuandikieni hukumu yenu bila kificho. Mizani ni yetu, tuishike wenyewe.