GARI LA PILI LINGOJE WATU

Ndugu Wafanya Kazi,

Kuna maneno yanayosemwa, kwamba abiria akikosa gari la pili, kosa ni lake; angewahi mapema. Maneno haya ni ya kutupwa. Mtu aliye ndani ya gari la kwanza atawahije? Ashuke alisukume? Aliyepanga saa ndiye wa kujibu.

Sisi wa Rongai hii ya Nakuru, si ile iliyo karibu na Nairobi, tunaijua reli ya safari ndefu. Inapita kwetu, inapanda mpaka Timboroa, zaidi ya futi 9,000, kisha Eldoret na Malaba. Ilifika Kampala mwaka 1931. Kuanzia 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya utawala mmoja. Mwaka 1977 utawala huo ulivunjika, na kila nchi ikashika kipande chake.

Leo abiria naye amekatwa vipande. Reli mpya ya Mombasa, iliyofunguliwa 2017, humshusha Syokimau. Apande gari jingine mpaka stesheni ya mjini, ndipo atafute gari la Kisumu lipitalo Nakuru. Anayekwenda Uganda hana gari la abiria la kuvuka Malaba, atafute basi.

Lakini tazameni kontena. Reli mpya ilifika Naivasha mwaka 2019, na sasa kontena la Uganda laweza kuhamishiwa mabehewa ya reli ya zamani, likapita hapa kwetu likienda Malaba. Lina hati yake, lina watu wa kulipokea. Hakuna anayeliambia kontena, "Ungewahi mapema!"

Wengine watasema gari haliwezi kungoja. Si kweli. Reli yetu ni ya njia moja. Magari mawili yakikutana, moja lazima lisimame stesheni mpaka mwenzake apite. Ikiwa gari laweza kungoja gari, kwa nini lisingoje watu?

Kibarua akikosa gari hapotezi saa moja tu. Anapoteza nauli ya pili, pesa ya kulala, na mshahara wa siku. Tena nyapara hatamwuliza gari lilichelewa wapi.

Huko Ulaya iko sheria ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Juni 2023. Mwenye tikiti moja ya safari nzima akikosa gari la pili kwa sababu la kwanza limechelewa, na kuchelewa kukifika saa moja, ana haki ya kurudishiwa nauli au kufikishwa aendako. Akichelewa kufika kwa saa moja aweza kudai robo ya nauli. Kwa saa mbili, nusu. Lakini mwenye tikiti mbali mbali mara nyingi hana haki hiyo. Hapo ndipo penye siri.

Basi twataka haya:

1. Tikiti moja kwa safari nzima, hata ikivuka mpaka.

2. Saa za magari zipangwe pamoja, na gari la pili lingoje la kwanza likichelewa kidogo.

3. Aliyekosa gari bila kosa lake apande lifuatalo bila kulipa tena.

4. Dereva na gadi wasiadhibiwe kwa kuondoka nyuma ya saa walipokuwa wakingoja abiria.

Ndugu, nauli ni jasho letu. Lileteni neno hili mkutanoni, lizungumzwe, liandikwe, lipelekwe kwa wakubwa. Asiyedai hapewi.