Mbwa Hasemi Neno Moja

Mwulize Mswahili wa Mji wa Kale mbwa yuwasemaje, naye atakujibu kwa neno moja: yuwabweka. Lugha hii hii iliyo na jina kwa kila umri wa nazi, tangu kidaka, kitale, dafu, koroma hadi nazi yenyewe, imemtupia mbwa neno moja kama mtu atupavyo mfupa nje ya uwanja.

Sababu twaijua. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi tumefunzwa tangu chuoni kwamba ute wa mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na moja katika hizo kwa mchanga. Basi mtoto akisikia sauti ya mbwa hutimua mbio kabla ya kuisikiza. Lakini hukumu ya ute haikulihusu sikio. Katika Sura ya Al-Kahf yumo mbwa mlangoni pa pango la wale vijana waliolala, na Sura ya Al-Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa kuwinda. Nani awezaye kumfunza mnyama asiyemsikiza?

Wasasi hawana shida hii. Hata wale wa misitu ya Kongo, ambao mbwa wao aitwaye basenji habweki kama wenziwe (na jina lake, ndugu msomaji, ni jamaa ya neno letu washenzi), humfunga njuga ya mti ili wajue alipo. Sauti ya mbwa kwao ni habari. Ikikosekana hutafutiwa badala yake.

Mwaka 2005 wataalamu wa chuo kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest, akiwamo Péter Pongrácz, waliwasikizisha watu sauti zilizonaswa za mbwa wa kuchunga waitwao mudi. Mmoja alibweka kwa kumwona mgeni, mwingine kwa kufungwa peke yake, mwingine kwa kutaka mpira. Wasikizaji walizipambanua hali hizo kuliko mtu abahatishaye, na wasiopata kufuga mbwa hawakuachwa nyuma na wafugaji. Mwaka 2010 wakajaribiwa vipofu, hata wale wasiopata kuona tangu kuzaliwa, nao wakaweza vile vile. Yaani sikio tunalo. Tulichokosa ni nia ya kulitumia.

Kwetu sisi watunzi jambo hili si geni, kwani yapimwayo ni yale yale tuyapimayo: uzito wa sauti, usafi wake na kituo. Sauti nzito, yenye mkwaruzo, mibweko ikifuatana bila ya nafasi ya kupumua, hiyo ni ghadhabu, na mgeni asisogee. Sauti nyembamba iliyo safi, mbweko mmoja, kisha kituo kirefu, kisha mwingine, huyo yu peke yake na ameshakata tamaa. Sauti nyembamba ipandayo na kushuka mara nyingi ni ya mchezo. Bila shaka mbwa hawalingani, na mwenye busara hutazama pia mkia, masikio na mgongo.

Sasa tembea katika mitaa yetu ya leo usome vile vibao vya langoni: "Mbwa Kali". Kibao hicho kina makosa mawili. La kwanza ni la sarufi, na nimekwisha choka kulipigia kelele. La pili ni kwamba aliye ndani, ukimsikiza, mara nyingi si mkali hata kidogo. Amefungwa mnyororo tangu alfajiri, analia upweke, pengine na kiu, na mwenyewe anajisifu kwamba mali yake inalindwa. Jirani naye, kwa kusikia kilio hicho kutwa kucha, huziba masikio. Usiku mwizi akiruka ukuta na sauti ikageuka kuwa nzito na ya haraka, hakuna aamkaye.

Kuna na msemo usemao mbwa abwekaye haumi. Mimi ningeufuta vinywani mwa watu. Mbwa huweza kubweka na akauma. Aliye wa kuogopwa zaidi ni yule aliyekatazwa kusema: akinguruma hupigwa, akinguruma tena hupigwa, mpaka ajifunze kunyamaza. Mngurumo ni onyo. Ukishamnyang'anya onyo, umemwachia meno peke yake.

Lakini sauti ninayotaka kila mzazi na kila mwalimu wa chuo aijue ni nyingine. Kichaa cha mbwa kikishika mishipa ya koo, mbwa hupwewa na sauti. Mbweko wake huwa mkavu, wa ajabu, si ule mliouzoea. Taya hulegea na mate hutiririka. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuukomesha ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, na njia kubwa ni kuwachanja mbwa. Chanjo ni kazi ya serikali na wafugaji. Kusikiza ni kazi ya mtaa mzima, na haina gharama. Mtoto aambiwe kwamba mbwa wa jirani akisikika leo amepwewa, asimkaribie, akamwite mtu mzima. Na akishaumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo apate sindano, kwani dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno apone.